Printa Ibaki Ndani, Simu Ndiyo Iingie

Wakili yuko Dodoma kwenye kesi, ofisi yake iko Posta, Dar es Salaam, na karani anasubiri mkataba utoke kwenye printa ili mteja autie saini kabla hajapanda ndege. Mhasibu wa shule ya bweni yuko likizo Moshi, na ankara za ada zinatakiwa zichapwe Kibaha leo jioni. Daktari mwenye kliniki ndogo Mwanza amepokea majibu ya maabara kwenye simu, anataka yatoke mapokezi mgonjwa akifika. Maswali ya namna hii naletewa mara kwa mara, na karibu wote wanaouliza wanataka jambo moja: nifanyeje printa yangu ionekane kwenye intaneti niweze kuitumia popote nilipo? Mimi naona swali lenyewe limegeuzwa juu chini. Printa haipaswi kuonekana kwenye intaneti hata kwa dakika moja. Simu ndiyo inayopaswa kuingizwa ndani ya mtandao wa ofisi, kwa njia iliyosimbwa, kisha ichape kama inavyochapa mwenye nayo akiwa mezani kwake. Vifaa vya kufanyia hivyo ni vya bei nafuu, na sioni sababu ya ofisi yoyote inayoshika nyaraka za watu kuridhika na pungufu ya hapo.

Tuanze na jinsi simu inavyochapa ikiwa ofisini, maana wengi wameizoea kazi hiyo bila kuijua. Simu ikiwa kwenye Wi-Fi ya ofisi hutuma tangazo kwa vifaa vyote vilivyomo kuuliza kama kuna printa. Printa hujibu kwa kutaja jina lake, anwani yake na kazi inazoweza. Ni kama mtu anayepiga hodi uani: wanaomsikia ni waliomo uani, si wa mtaa wa pili. Tangazo hilo hupita kwenye anwani maalumu, 224.0.0.251, na rauta hailivushi kwenda nje. Printa ikishapatikana, simu huipelekea waraka kwa itifaki iitwayo IPP, kupitia mlango namba 631. Apple waliuweka utaratibu huu kwenye iPhone mwaka 2010 kwa jina la AirPrint. Upande wa Android, Canon, HP, Samsung na Xerox waliunda umoja wa Mopria mwaka 2013, na tangu Android 8 ya mwaka 2017 uwezo huo umo ndani ya simu yenyewe. Ndiyo maana leo unachapa bila kutafuta CD ya printa, na ndiyo maana vilevile ukivuka geti tu, printa inatoweka kwenye orodha ya simu. Printa iko palepale ilipokuwa, ila tangazo la simu halifiki tena.

Hapo ndipo fundi asiye na subira anapoharibu. Anaingia kwenye rauta, anafungua mlango namba 9100 kutoka nje na kuuelekeza kwenye printa, anajaribu kwa simu yake, karatasi inatoka, analipwa, anaondoka. Mlango 9100 ni wa zamani, uliokusudiwa mitandao ya ndani ambamo watu wanaaminiana. Hauulizi jina wala nenosiri. Kinachoingia humo printa inakichapa au inakitii, kwa sababu lugha za printa zina amri pia: kubadili maandishi ya kwenye kioo chake, kubadili mipangilio, na kwa baadhi ya modeli kusoma mafaili yaliyohifadhiwa ndani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr kilichoko Bochum, Ujerumani, waliyaonyesha haya hadharani mwaka 2017 na kutoa zana iitwayo PRET ili kila mwenye printa aweze kuipima yake.

Tena aliyefungua mlango huo hana namna ya kujua ni wangapi wameshauona. Tangu mwaka 2013 kuna programu ya ZMap, kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, inayoweza kupita anwani zote za IPv4 duniani kwa chini ya dakika 45 ikiwa na laini ya gigabiti moja. Wenye kupekua wamefanya hivyo, na printa zimewalipa. Februari 2017 mtu aliyejiita Stackoverflowin alichapisha ujumbe wake kwenye printa za watu asiowajua, akidai kuzifikia zaidi ya 150,000. Novemba 2018 mwingine, TheHackerGiraffe, alizitumia printa zipatazo 50,000 kumpigia debe mtu wa YouTube. Agosti 2020 tovuti ya CyberNews ilijaribu printa 50,000, ikafanikiwa kuchapa kwenye karibu 28,000, na karatasi iliyotoka ilikuwa mwongozo wa kuilinda printa. Wote hao walitaka waonekane. Anayetaka kusoma nyaraka zako hatachapa chochote, na siku atakapoingia karani hataona tofauti.

Nikieleza haya, jibu ninalopewa mara nyingi ni kwamba printa ni mashine tu, haina cha kuibiwa. Hili ndilo kosa linalonisumbua kuliko yote. Printa kubwa ya ofisini ni kompyuta kamili. Ina kumbukumbu ya kazi zilizopita, ina kitabu cha anwani, na ikiwa mnaitumia kuskani na kutuma kwa barua pepe basi nenosiri la barua pepe ya ofisi limo ndani yake. Mashine nyingi za kopi zina diski kuu. Mwaka 2010 kituo cha televisheni cha CBS cha Marekani kilinunua mashine za kopi zilizokwisha kutumika, na kwenye diski ya mojawapo wakakuta taarifa za matibabu za wateja wa bima ya afya ya Affinity. Mwaka 2013 Affinity ililipa zaidi ya dola milioni 1.2 kumaliza shauri hilo na serikali. Sisi tunaonunua mashine za kopi za mitumba kutoka Ulaya na Dubai, na kuziuza tena zikichoka, tuisome habari hiyo mara mbili. Kabla mashine haijatoka ofisini kwako, diski yake ifutwe kwa amri iliyomo kwenye mipangilio, au itolewe kabisa.

Wengine hutegemea nenosiri la msimamizi wa printa, lile lile ililotoka nalo kiwandani. Juni 2025 kampuni ya Rapid7 ilitangaza kwamba kwenye mamia ya modeli za Brother nenosiri hilo hukokotolewa kutoka namba ya mashine, kwa hiyo anayeijua namba ya mashine anaweza kulipata. Sasisho la programu haliwezi kuliponya tatizo hilo kikamilifu kwa mashine zilizokwisha kutengenezwa, ila mwenye printa anaweza, kwa kubadili nenosiri. Kazi ya dakika mbili. Nimeingia ofisi nyingi ambazo hazijawahi kuifanya. Kuna pia hila ya kuuacha mlango wazi lakini kwa namba isiyo ya kawaida, tuseme 45000 badala ya 9100. Anayepekua kwa programu hapekui mlango mmoja, na printa ikiulizwa kwenye mlango wowote hujitaja yenyewe kwa jina la kampuni na modeli.

Njia nyingine inayotangazwa sana ni ya huduma za watengenezaji: printa inapewa anwani ya barua pepe, kama Epson wafanyavyo kwa Epson Connect, nawe unaituma kazi kwa kuambatisha faili. Siikatai kwa kila mtu. Kwa mzazi anayechapa ratiba ya mitihani ya mtoto inatosha, mradi aweke orodha ya watumaji wanaoruhusiwa. Kwa wakili au daktari siipendekezi, kwa sababu waraka wa mteja unapita na kukaa kwenye seva za kampuni ambayo mteja hajawahi kuambiwa. Tena huduma hizi si mali yako. Google Cloud Print ilianza mwaka 2010, watu wakajenga ofisi juu yake, na tarehe 31 Desemba 2020 Google wakaifunga.

Basi njia iliyo sahihi ni VPN, na hapa inabidi nisimame kidogo, kwa kuwa kwa vijana wengi VPN ni ile programu ya bure ya kufungulia mitandao iliyozuiwa. Hiyo haitakusaidia kuchapa. Inakupeleka kwenye seva ya mtu usiyemjua, nchi usiyoijua, na printa yako haiko huko. VPN ninayoizungumzia mwisho wake uko ofisini kwako: simu na rauta ya ofisi zinabadilishana funguo, zinathibitishana, kisha kila kinachopita kati yao husimbwa. Kwa Tanzania kuna jambo la kisheria la kutimiza. Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, iliwataka watu na kampuni zinazotumia VPN kwa shughuli zao kujisajili na kueleza matumizi hayo, pamoja na anwani ya IP. Ofisi inayofunga mfumo huu ijisajili. VPN ya kufikia printa yako mwenyewe ina maelezo mafupi na ya wazi kabisa, hakuna cha kuogopa.

Mimi nachagua WireGuard, aliyoiandika Jason Donenfeld, iliyoingia kwenye kiini cha Linux toleo la 5.6 mwaka 2020. Naichagua kwa sababu mbili. Kwanza, programu yake ni fupi, kama mistari 4,000, kwa hiyo wanaoikagua wanaweza kuisoma yote. Pili, mlango wake haumjibu asiye na ufunguo: anayepekua intaneti anapita juu yake bila kuona kitu, tofauti na printa inayojitaja. Unaweza kuiweka kwenye rauta ya MikroTik yenye RouterOS toleo la 7, ambayo mafundi wetu wanaifahamu, au kwenye rauta yenye OpenWrt, au kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inayokaa pembeni ya printa. Kwenye simu unasakinisha programu ya WireGuard na kuskani msimbo wa QR uliotengenezwa na fundi. Huo msimbo una ufunguo wa siri ndani yake, kwa hiyo usitumwe kwenye kundi la WhatsApp la ofisi. Uonyeshwe kwenye skrini, uskaniwe, ufungwe.

Kikwazo kikubwa Afrika Mashariki kinatoka kwa kampuni za simu. Ofisi nyingi ndogo hutumia rauta ya 4G yenye laini ya kawaida, na kampuni ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya hadhara. Ukifungua mipangilio ya rauta yako ukakuta anwani yake ya nje inaanzia 100.64 hadi 100.127, au inaanza na 10, ujue uko humo, na simu iliyo nje haiwezi kuifikia rauta hiyo moja kwa moja hata ufungue milango yote. Watu hupoteza siku nzima hapa wakidhani wamekosea mipangilio. Dawa ziko tatu. Ofisi yenye intaneti ya faiba iombe anwani ya hadhara isiyobadilika kutoka kwa mtoa huduma, hulipiwa kidogo zaidi. Ya pili ni kukodi seva ndogo nje, ambayo rauta na simu zote huiendea zikakutana hapo. Kwa njia hii rauta iwekewe agizo la kutuma ishara kila sekunde 25 ili njia isifungwe na kampuni ya simu. Ya tatu ni huduma ya Tailscale, ambayo ndani yake ni WireGuard na hujitafutia njia yenyewe. Uratibu wa funguo unabaki kwa kampuni yao, lakini nyaraka zenyewe husimbwa kutoka kifaa hadi kifaa. Kwa ofisi isiyo na fundi wa kudumu, hiyo ya tatu ndiyo nitakayoishauri, na nimeifikiria sana kabla ya kuandika hivyo.

Mipangilio yenyewe ina mambo machache yanayoamua kama mfumo utadumu. Printa ipewe anwani isiyobadilika kwenye rauta, la sivyo umeme ukikatika na kurudi inaweza kuamka na anwani nyingine. Mtandao wa ofisi usiachwe kwenye 192.168.1, kwa sababu nyumba na hoteli nyingi zinatumia safu hiyohiyo, na simu iliyo kwenye Wi-Fi ya hoteli inaweza kuitafuta printa humo humo hotelini. Chagua safu isiyo ya kawaida, kwa mfano 10.47.12. Kisha, kwenye simu, anwani zinazoruhusiwa kupita WireGuard ziwe ile ya printa peke yake, na rauta nayo izizuie simu hizo kwenda kwingine kokote, kwa sababu mipangilio ya kwenye simu aliyeishika anaweza kuibadili. Faida yake ni mbili kwa mpigo: video na WhatsApp hazipiti ofisini kula bando la rauta, na simu ikiibwa mwizi hana njia ya kwenda kwenye kompyuta ya mhasibu.

Hapa ndipo watu hukata tamaa: VPN imewaka, lakini simu inasema hakuna printa. Kumbuka lile tangazo. WireGuard haibebi matangazo ya aina ile, kwa hiyo lazima uitajie simu anwani ya printa kwa mkono. Kwenye Android nenda kwenye mipangilio ya kuchapisha, fungua huduma ya kuchapisha iliyomo au programu ya Mopria, ongeza printa kwa kuandika anwani yake ya IP. iPhone ina ugumu wake, kwa sababu haikupi sehemu ya kuandika anwani. Njia rasmi ni kutengeneza profaili kwa Apple Configurator, programu ya bure ya kompyuta za Mac, ukaandika humo anwani ya printa na njia yake, ambayo kwa printa nyingi ni ipp/print, ukalazimisha na usimbaji wa TLS. Profaili ikishawekwa, printa inajitokeza kwenye orodha kama ya jirani. Mafundi wengi hawaijui hatua hii, ndiyo maana wenye iPhone wanaambiwa haiwezekani.

TLS niliyoitaja si mapambo. WireGuard inaishia kwenye rauta. Kutoka hapo hadi kwenye printa waraka unasafiri ndani ya mtandao wa ofisi, na kama Wi-Fi hiyo mnawapa wageni nenosiri lake, basi kipande hicho nacho kisimbwe. Fungua ukurasa wa mipangilio ya printa, washa IPP yenye TLS, kisha zima 9100, LPD, FTP na Telnet kama hazitumiki. Wageni wapewe Wi-Fi yao, mbali na printa.

Ofisi yenye printa ya zamani ya USB haijaachwa nje. Raspberry Pi yenye CUPS, programu huria ya kuchapisha inayotumiwa na Linux na Mac, inaipa printa hiyo anwani na foleni. Foleni ndiyo ninayoipenda zaidi kwa mazingira yetu. Umeme ukiwa umekatika, simu inaikabidhi kazi kwa CUPS, kazi inangoja, umeme ukirudi inachapwa. Sharti rauta na Pi ziwe kwenye UPS. Printa ya leza yenyewe usiiweke kwenye UPS ndogo, inavuta umeme mwingi inapopasha moto na inaweza kuizima yote.

Ukiisha kufanya haya yote, bado kuna karatasi. Mkataba uliosimbwa kutoka Dodoma ukitoka na kulala kwenye trei ya mapokezi kwa saa nzima, siri imekwisha. Printa nyingi za ofisi zina uchapaji wa PIN: kazi inashikiliwa ndani mpaka mtu aje abonyeze namba. Utumieni. Isipokuwapo, mpigie simu karani kwanza, asimame hapo, ndipo ubonyeze chapa.

Na wale wanaoniambia kwamba mambo haya ni marefu, wao hutuma tu kwa WhatsApp ya steshenari au saiba ya karibu na ofisi, niwajibu bila kuzunguka. WhatsApp inasimba njia. Waraka ukishafika, uko wazi kwenye simu ya mwenye duka, kwenye folda ya vipakuliwa ya kompyuta yake, pamoja na vitambulisho vya NIDA na vyeti vya watu wa wiki nzima. Kwa karatasi zako mwenyewe huo ni uamuzi wako. Kwa karatasi za mteja si uamuzi wako: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, na ile ya Kenya ya mwaka 2019, zinamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde na asizikalie kupita haja. Ukilazimika kwenda steshenari, simama hapo mpaka faili lifutwe kwenye simu, kwenye kompyuta na kwenye pipa la taka la kompyuta. Wenye maduka wenyewe wangetusaidia sana kama wangefuta kila jioni bila kuombwa.

Mfumo ukishafungwa, usimlipe fundi kabla ya kuujaribu mwenyewe. Toka nje ya ofisi, zima Wi-Fi ya simu, tumia bando. WireGuard ikiwa imezimwa, andika anwani ya hadhara ya ofisi kwenye kivinjari, halafu ongeza 9100 na 631. Kote kusifunguke kitu, na printa isitoe karatasi yoyote. Washa WireGuard, chapa ukurasa mmoja, mpigie aliye ofisini akuthibitishie umetoka. Kisha mwambie fundi aufute ufunguo wa simu yako kwenye rauta, ujaribu tena, na safari hii ishindikane. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo mtakayoihitaji siku mfanyakazi atakapopoteza simu kwenye daladala, kwa hiyo kila simu iwe na ufunguo wake, wenye jina la mwenye simu, na awepo mtu wa pili ofisini anayejua kuufuta bila kumsubiri fundi.